Sahihi Yangu kwenye Nyumba ya Mama Vero

Umba, mwanangu,

Mmetoka sasa hivi, wewe na mama yako, kwenda mjini kutafuta valizi nyingine, sanduku la safari, maana ile yangu ya zamani mshikio wake umekatika. Nimebaki peke yangu mezani. Ni Jumamosi, saa nane mchana, na kesho asubuhi ndege yako inaondoka uwanja wa Luano kwenda Kalemie. Nina saa mbili, labda tatu kama mama yako ataanza kubishana bei. Zitanitosha, kama mkono hautanigomea.

Sitakuandikia habari za chandarua, wala maji ya kuchemsha, wala kupiga simu kila Jumapili. Mama yako amekwisha kuyasema hayo tangu Jumatatu, na naona umeanza kuitikia bila kusikia. Ninakuandikia kwa sababu ya kazi unayokwenda kuifanya. Wiki ijayo utakaa katika ofisi ya hati za viwanja na nyumba. Watu watakuletea makaratasi ya kuuza na kununua, nawe utayapokea, utayasoma, na mengine utayatia sahihi. Watu wa avenue yetu, mtaa mzima, wananipongeza kana kwamba nimepewa mimi. Juzi yule mama muuza makala, yaani makaa, alinishika mikono yote miwili: "Mwalimu, mutoto wako anakuwa mukubwa wa manyumba!" Nilicheka naye. Kisha niliingia ndani nikakaa kitandani.

Nimekuwa hivyo tangu siku barua yako ya kazi ilipofika. Mama yako anadhani ni huzuni ya baba. Huzuni ipo, lakini zaidi ni woga.

Unajua kwamba zamani, hapa Katuba, Lubumbashi, watu waliniletea makaratasi niwaandikie. Nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu, nilikijua Kifaransa cha ofisini, na mtu akitaka kuuza lupango wake, yaani kiwanja na nyumba iliyo ndani, hakwenda kwanza kwa wakubwa wa serikali. Alikuja kwangu. Nilichukua karatasi ya mistari nikaandika: mimi fulani nimemuuzia fulani nyumba iliyo avenue fulani, namba fulani, mbele ya mashahidi hawa. Muuzaji alitia sahihi, mnunuzi alitia, nami nikamalizia. Watu waliikunja karatasi ile wakaiweka kifuani wakiamini wamebeba nyumba. Nilijua vizuri kwamba walibeba ushuhuda wa mapatano tu, kwamba kazi ya kwenda komini, kwa serikali ya mtaa, na kwenye ofisi ya hati ilikuwa haijaanza, na kwamba wengi hawataifanya kamwe. Sikuwaambia. Ilinipendeza kuonekana kwamba kwangu mambo yanaisha.

Nyingi za karatasi zile hazikuleta shida. Moja ilileta, na hiyo ndiyo hukuambiwa. Tulikuambia mambo mengine badala yake.

Unamkumbuka Mama Vero, nyumba ya tatu kutoka kwetu, aliyekuwa akikaanga samaki jioni mbele ya mlango. Mume wake alikuwa Papa Remi, dereva wa malori ya kwenda Kasumbalesa. Nyumba yao waliijenga ndani ya ndoa yao, na kusema kweli aliijenga mama zaidi. Matofali aliyafyatua yeye, kwa udongo wa kichuguu, akayachoma yeye. Mwaka mzima nilimwona akiwa na matope hadi kwenye viwiko, nikienda shule na nikirudi.

Ulikuwa na miaka tisa wakati mama yake alipofariki huko Kabalo. Mama Vero alipanda treni kwenda kwenye kilio. Mama yako na mimi tulimsindikiza stesheni. Alituambia atakawia, kwa sababu ndugu zake walikuwa bado hawajakubaliana juu ya mashamba ya marehemu.

Wiki tatu baadaye, Papa Remi alinikuta nikitoka darasani, mikono imejaa chaki.

"Mwalimu, minataka unifanyie ile karatasi yako," akasema. "Minauzisha nyumba."

"Nyumba gani?"

"Ile yetu. Tutajenga ingine, fasi kubwa kupita ile."

"Na Mama Vero?"

"Anajua. Njo ye mwenyewe alisema tuuzishe. Uandike kama alikuwa pale, juu bale bantu basiogope." Watu hao walikuwa wanunuzi aliokwisha kuwapata.

Nilikuwa na swali jingine mdomoni. Ningeweza kusema: basi tumngoje arudi. Au: nipe namba ya ndugu yake wa Kabalo, nimuulize. Lakini Remi alikuwa rafiki yangu, tulikunywa pamoja Jumapili baada ya misa, na kumuuliza mara ya pili kungekuwa kama kumwambia usoni kwamba yeye ni mwizi. Niliona haya, Umba. Nimetafuta sababu nyingine miaka hii yote. Nimejiambia kwamba mshahara ulikuwa haujafika, kwamba nilichoka, kwamba kila mtu alifanya hivyo. Sababu ni ile haya ya dakika moja, mbele ya mlango wa darasa.

Niliandika kwamba Remi anauza nyumba "mke wake akiwapo na akikubali". Niliyaandika maneno hayo kwa mwandiko mzuri. Alikwenda na karatasi, na kesho yake alirudi nayo ikiwa na alama ya dole gumba kwa wino wa buluu, pale palipoandikwa jina la mke. Mama Vero alijua kusoma na kuandika. Angetia sahihi, asingetia dole. Hilo pia nililiona. Nikaweka sahihi yangu chini ya dole lile.

Wanunuzi walikuwa vijana wawili. Mwanamume aliitwa Pacifique, fundi wa kuchomelea vyuma, na mke wake Bijou, mwenye mimba yao ya kwanza. Naona umesimama kidogo kwenye majina hayo. Ndiyo, ni wao. Ngoja nifike.

Siku ya kulipana walikaa sebuleni kwetu, kwenye viti hivi hivi. Kabla hajampa Remi bahasha, Pacifique aligeuka kwangu.

"Mwalimu, miye sijue mambo ya makaratasi. Iko sawa?"

"Iko sawa," nikasema.

Alimtazama mke wake, kisha akanitazama tena. "Iko sawa kabisa?"

"Iko sawa, mwanangu. Ingieni mukae."

Mama Vero alirudi baada ya mwezi na siku kadhaa. Ulikuwa umekaa kizingitini unaandika hesabu zako alipofika na mzigo wake bado kichwani. Hakuutua.

"Mwalimu," akasema, "mu nyumba yangu muko bantu. Kuko mama moya anapika mu jikoni yangu. Beko nani?"

Nilikutuma ukachote maji. Ndoo zote zilikuwa zimejaa, nawe ulinishangaa, lakini ulikwenda. Kisha nilimwambia Mama Vero: "Umuulize bwana yako."

"Bwana yangu eko wapi?"

Sikujua. Hakuna aliyejua. Baadaye wengine walisema walimwona Kasumbalesa na mwanamke mwingine, wengine walisema alikwisha kuvuka mpaka. Hajaonekana hapa hadi leo.

Mama yako alitoka jikoni, akautua mzigo kutoka kichwani mwa Mama Vero na kuuingiza katika chumba chako. Ndiyo maana ulilala naye kitanda kimoja miezi ile yote. Tulikuambia nyumba yake inatengenezwa paa. Ulifurahi, kwa kuwa alijua hadithi nyingi za Kabalo. Mimi nilikuwa nikipita mbele ya mlango wenu bila kugeuza shingo.

Shefu wa avenue, kiongozi wa mtaa wetu, alituita wote uani kwake. Pacifique alileta karatasi yangu, imekunjwa vizuri ndani ya nailoni. Shefu aliisoma polepole, kidole kikifuata mistari, kisha akaniuliza mbele ya watu: "Mwalimu, weye njo uliandika. Huyu mama alikuwa pale?"

Pale nilikuwa bado na nafasi. Ningesema hapana, na mambo yangekwisha kwa aibu na labda kwa makofi mawili matatu. Badala yake nilisema: "Hakuwapo kwa mwili. Lakini nilisikia sauti yake kwa simu. Alikubali."

Mama Vero hakupiga kelele. Aliniuliza tu, kama mtu anayetaka kujua kweli: "Mwalimu, simu yangu iko wapi? Nilikuwaka na simu siku gani?"

Shefu aliirudisha karatasi akasema jambo hili linapita nguvu zake, waende mahakamani.

Jioni ile mama yako aliniwekea chakula mezani, bukari na sombe, akabaki amesimama.

"Siku Vero anapanda treni, nani alimubebea muzigo?" akaniuliza.

"Ni weye."

"Na weye ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa pale."

"Basi, kula."

Akaenda kula na Mama Vero chumbani kwako. Miezi mitano hakusema neno lingine juu ya jambo lile. Alinifulia, alinipigia pasi suruali ya kwendea shule, alinisalimia asubuhi. Heri angenitukana.

Watu wa parokia walimsaidia Mama Vero kupata wakili. Nami nilipoitwa kama shahidi, usiku na mchana nilijifunza maneno yangu ya simu, kama mtoto anayejifunza shairi la kukariri. Nilikwenda mahakamani nikiwa nayo tayari. Jaji alikuwa mama mmoja, si mzee, mwenye miwani. Aliniuliza kwa Kiswahili ili kila mtu asikie, hakuinua sauti hata mara moja.

"Nyumba hii waliipata kabla ya ndoa au ndani ya ndoa?"

"Ndani ya ndoa."

"Nani alikuwa akiishi ndani siku ulipoandika?"

"Bwana peke yake."

"Uliingia ukaona vitu vya nani vimo humo?"

"Hapana."

"Ulimwona mke akitia dole?"

"Hapana."

"Ulijua yuko wapi?"

Hapo ndipo nilipopanga kuleta yale maneno ya simu. Nilifungua mdomo, nikaona macho ya mama yako katika benchi la tatu. Hakuwa amekasirika. Alikuwa anangoja tu.

"Kabalo," nikasema. "Nilimsindikiza stesheni."

"Sasa ulipoandika 'akiwapo', ulitaka kusema nini?"

Nilitazama ule mwandiko wangu mzuri mbele yake.

"Mwalimu," jaji akasema, "unafundisha watoto kuandika?"

"Ndiyo, Mama Jaji."

Akainama akaandika. Hakuniuliza lingine.

Uuzaji ulifutwa. Jaji alieleza kwamba mtu hawezi kuuza peke yake nyumba ya ndoa, na karatasi haiwezi kumfanya mtu awe mahali ambapo hakuwa. Mama Vero alirudi kwake. Pacifique akaambiwa kwamba ana haki ya kumdai Remi. Haki hiyo alikuwa nayo kweli, lakini Remi hakuwapo wa kudaiwa. Mtoto wao alikuwa na miezi minne. Nje, kwenye ngazi, Bijou alikuwa anamnyonyesha, amewapa watu mgongo. Pacifique alinijia karibu sana, nikadhani atanipiga, nikatamani anipige.

"Mwalimu, nilikuuliza," akasema. "Mara mbili nilikuuliza."

Nimesikia maneno hayo kila siku tangu wakati ule. Ninayasikia nikinyoa ndevu.

Kisha mimi mwenyewe nilichukuliwa, kwa kosa la kuandika uongo katika karatasi. Nilikaa siku tisa katika mahabusu ya parke, ofisi ya washitaki wa serikali. Wewe uliambiwa nimekwenda Likasi kwa semina ya walimu. Niliporudi uliniuliza nimekuletea nini kutoka Likasi, na mama yako alikuwa amekwisha kununua biskuti na kuzificha, ili nikupe.

Aliyenitoa ni Tonton Sylvestre, yule ndugu yetu wa jamaa anayejuana na wakubwa. Alikwenda kuzungumza na mtu, sikumuuliza ni nani wala alimwambia nini. Hakuna aliyenihukumu, hakuna aliyenisafisha. Dosye yangu, yaani faili la kesi, ililala. Kama imelala tu au imekufa, sijui. Kila bahasha yenye mhuri inayofika hapa huwa naishika kwanza kwa vidole viwili. Uliwahi kunicheka kwa hilo. Sasa unajua.

Nilipotoka nilimtafuta Pacifique. Walikuwa wamejibanza kwa shemeji yake, watu tisa katika chumba kimoja. Nilimwambia kuna vyumba viwili nyuma ya nyumba yangu, waje wakae. Alikataa. Baada ya wiki mbili mvua zilianza, mtoto akaanza kukohoa, wakaja. Walikaa miaka mitatu. Wewe ulikuwa ukiwaambia rafiki zako: "Bale ni balokateri betu." Hawakuwa wapangaji, Umba. Hawakulipa kitu, nami sikustahili kulipwa. Tantine Bijou aliyekusuka nywele kila Jumamosi uani, ukilala kichwa juu ya mapaja yake, alikuwa mwanamke ambaye baba yako alimpotezea nyumba. Alikupenda kweli. Hakukufanya wewe ulipe.

Siku walipohamia Kolwezi, vitu vyao vikiwa juu ya gari, nilingoja Pacifique aniambie neno. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, na pia, nakiri, kwa msamaha. Alinipa funguo akasema: "Mwalimu, robine ya nyuma inavuja. Uifanye mbele haiyaharibu ukuta." Akapanda gari. Nilimwita fundi wa bomba siku ile ile.

Sikuandika tena karatasi ya nyumba ya mtu. Hilo lilikuwa rahisi, maana hakuna aliyekuja tena.

Sasa nifike kwenye jambo la wiki hii, nalo ndilo linalonitia woga zaidi, kwa sababu yale ya zamani niliyafanya nikiwa kijana mwenye majivuno, na hili nimekaribia kulifanya nikiwa na mvi.

Jumanne iliyopita Tonton Sylvestre alikuja hapa. Hukuwapo, ulikuwa Kasapa, chuoni, kuchukua karatasi zako za mwisho. Unajua tunavyomheshimu. Miaka miwili ulikaa nyumbani kwake karibu na chuo, usisumbuke na mabasi ya kutoka Katuba alfajiri. Mke wake alikuhesabu kama mtoto wake. Siku hiyo Sylvestre alileta faili. Kaka yake mkubwa amefariki mwaka huu huko Kalemie, akaacha nyumba karibu na ziwa. Mjane, Mama Anna, yumo ndani na watoto wanne. Sylvestre anataka hati itoke kwa jina lake ili aiuze.

"Inabakia karatasi moja tu," akaniambia. "Ile ya kikao cha jamaa. Kwamba tulikaa bote, tukachagula miye. Weye njo unajua kuandika vile bantu ya ofisi banapenda. Na Umba ataipokea kule."

"Mulikaa lini?" nikauliza.

"Tutasema tulikaa."

"Na Mama Anna?"

"Mama Anna ni muke tu. Atarudi kwabo." Kisha akacheka kidogo, akaniwekea mkono begani. "Mwalimu, ni mambo ya nyumbani. Mutoto ni wetu sisi bote."

Nisingependa kukuandikia hili linalofuata. Sikumkatalia. Aliacha faili juu ya meza hii, na Jumatano, mama yako akiwa sokoni, nilichukua karatasi. Nilijiambia ninafanya kwa ajili yako, ili usianze kazi ukiwa na adui katika jamaa. Niliandika tarehe. Niliandika majina ya wazee, wawili kati yao nilijua hawatoki tena kitandani. Mstari wa tatu ukaja wenyewe, kama vile mkono ulikuwa ukiungojea miaka yote: "mjane na watoto wakiwapo na wakikubali."

Nililitazama neno hilo mpaka macho yakaniuma. Kisha nilichana karatasi vipande vidogo nikavitia jikoni, kwenye makala yanayowaka. Mama yako aliporudi alinikuta bado nakoroga majivu.

Jana nilimrudishia faili. Nilimkuta uani kwake, anaosha gari. Nilimwambia sitaandika, na nikamwomba asikutumie wewe karatasi hiyo kwa njia nyingine.

"Umesahau nani alikutosha mu mahabusu kule parke?" akaniuliza.

"Sijasahau."

"Ile dosye yako haikukufa, Mwalimu. Inalala tu. Na Umba, anajua baba yake ni muntu wa namna gani? Bakubwa yake kule banajua?"

Akaendelea kuosha gurudumu. Nilipokuwa natoka alisema bila kugeuka kwamba Jumapili gari lake lina kazi, halitaweza kukupeleka Luano. Ndiyo maana nimekuambia leo asubuhi tutachukua teksi, na ulipouliza kwa nini, nilisema gari limeharibika. Huo ni uongo wangu wa mwisho kwako, na ulidumu tangu asubuhi hadi sasa.

Sijui atafanya nini. Labda ni hasira tu, zitapoa. Labda ataamsha dosye yangu. Labda atampata mwandishi mwingine, maana wapo wengi, na karatasi itafika mezani kwako siku moja, imepigwa chapa vizuri, yenye majina ya wazee na madole gumba. Ikifika, usiiguse. Mwambie mkuu wako kwamba ni jambo la jamaa yako, ampe mtu mwingine, na umwambie pia kwamba mjane na watoto wanaishi ndani ya nyumba. Usiseme zaidi, usiseme pungufu.

Kuhusu karatasi za watu wengine, sina mengi ya kumfundisha mtu aliyesoma sheria. Wewe unajua vifungu, mimi najua nyuso tu. Siku ya kuuza nyumba watu huja wamevaa vizuri, wanacheka, wana haraka. Wote walio mbele yako watakuwa wamekubali. Mimi niliwatazama waliokuwapo. Laiti ningeuliza nani hayupo, na kwa nini hayupo siku hii hii. Mmoja yuko kwenye kilio, mwingine yuko mgodini Kolwezi, mwingine bado mtoto, mwingine hajaambiwa. Ukiweza, nenda ukaione nyumba yenyewe, umsalimie anayepika ndani. Na mtu akikusimamisha koridoni akuulize kama iko sawa, mwambie hujui, utaangalia. Atakuona mgumu. Atasema msichana wa Lubumbashi ana maringo. Mwache aseme. Utaona haya dakika moja, kisha itapita. Ningejua kwamba haya hupita upesi hivyo, ningekuwa mtu mwingine.

Nilifikiri kuiweka barua hii chini ya nguo zako, uikute Kalemie, mbali nami, nisione uso wako. Ndivyo nilivyopanga nilipoanza kuandika. Lakini hiyo ingekuwa kukutuma tena kuchota maji. Sylvestre anadhani ana kitu cha kukutisha nacho. Ninataka kabla ya kulala leo asiwe nacho. Siku yoyote mtu atakapokuuliza, kwa simu au ofisini mbele ya wakubwa, kama unajua baba yako alifanya nini, umjibu kwamba unajua, nilikuambia mwenyewe.

Nasikia teksi imesimama, na sauti ya mama yako bado inabishana na dereva. Nitakupa karatasi hizi mkononi, sasa hivi, kabla hujafungua hiyo valizi. Nitakaa hapa hapa mezani unaposoma. Ukimaliza, kama hutaki kunisemesha hadi Luano, nitaelewa. Na kama una swali, niulize, hata mara mbili.

Baba yako